Faida Ni Salio: Mhadhara Juu ya Kusoma Faida za Makampuni ya Taifa Zima



Baba yangu alikuwa muuza vitambaa mjini Tanga. Duka lenyewe lilikuwa dogo, lakini nyuma yake kulikuwa na stoo iliyojaa majora ya vitenge na doti za khanga, na mimi, kwa kuwa nilijua kupanga namba vizuri, ndiye niliyekuwa karani wake kila jioni. Mwaka 1986 serikali ilishusha thamani ya shilingi. Bei zikapanda, na baba akauza mzigo wake wa zamani kwa bei mpya. Daftari la mwaka ule likaonyesha faida ambayo hakuwahi kuiona tangu afungue duka. Akalipa madeni, akaiezeka nyumba ya bibi kwa bati, akatoa sadaka kwa moyo mkunjufu. Kisha akapanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo mwingine. Fedha ambazo mwaka uliotangulia zingejaza stoo, safari hii zilijaza nusu yake. Alirudi akaketi kwenye benchi la dukani, akanyamaza hadi magharibi. Ile faida niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na hesabu haikuwa na kosa hata moja. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ile faida ilikuwa mtaji wake mwenyewe, unamtoka dukani kwa jina jingine.

Nimelileta duka hilo mbele yenu kwa sababu leo nitazungumzia daftari kubwa kuliko yote niliyopata kuyasoma: hesabu ya faida za makampuni yote ya Marekani, inayojumlishwa na kutangazwa kila robo mwaka na ofisi ya uchambuzi wa uchumi iliyo chini ya Wizara ya Biashara ya nchi hiyo. Siku hizi jumla hiyo inazidi dola trilioni 3 kwa mwaka. Nimeichagua Marekani kwa sababu takwimu zake za mwaka zinaanzia 1929 na zile za robo mwaka zinaanzia 1947, na ni nchi chache mno zinazomwezesha msomaji kulikagua daftari lao kwa urefu wa namna hiyo, na hasa kuona watakwimu walipokosea na namna walivyojisahihisha. Yale ya Afrika Mashariki nitayafikia kabla hatujatoka ukumbini.

Daftari hili lilizaliwa katika dhiki. Mwaka 1932, uchumi ukiwa umeanguka, Seneti ya Marekani iliagiza ifanywe hesabu ya pato la taifa, kwa kuwa watawala walikuwa wakijadili umaskini bila kujua ukubwa wake. Kazi akapewa Simon Kuznets, mzaliwa wa Pinsk, mji ulioko Belarusi ya leo, na ripoti yake ikafika Seneti Januari 1934. Ilionyesha kwamba kati ya 1929 na 1932 pato la taifa lilipungua kwa takriban nusu. Jambo moja katika hesabu zile hunishtua kila nikilirudia: katika miaka ile mibaya, kile ambacho wafanyabiashara walikuwa wakikilipa kwa watu kilizidi kile walichokuwa wakikizalisha. Walikuwa wakila mtaji. Kwa makampuni yote kwa pamoja, faida ya mwaka 1932 iko chini ya sifuri. Taifa zima la viwanda, reli na benki, na ukijumlisha kila kitu unapata hasara.

Sasa, faida ni kitu gani hasa? Mhasibu atawapa ukurasa mzima wa maelezo. Mimi nasema faida ni salio. Kampuni inauza, inalipa mishahara, inalipa malighafi, umeme, pango, riba, inatenga fedha za uchakavu wa mitambo. Kile kinachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake ndicho faida. Mfanyakazi ana mkataba, mwenye nyumba ana mkataba, benki ina mkataba. Mwenye kampuni hana mkataba na mtu yeyote. Yeye hungoja mwisho wa foleni.

Kuwa mwisho wa foleni kuna matokeo mawili, na mhadhara wangu wote umesimama juu ya hayo mawili.

La kwanza: salio hutikisika mapema na kwa nguvu. Chukueni kampuni inayouza kwa shilingi 100 na kutumia 90. Faida yake ni 10. Mauzo yakishuka hadi 97, kampuni haiwezi kumfukuza mtu siku hiyo hiyo wala kumlipa mwenye jengo nusu tu ya pango. Tuseme inapunguza gharama hadi 89. Faida sasa ni 8. Mauzo yameshuka kwa asilimia 3, faida imeshuka kwa asilimia 20. Biashara inapoanza kupoa hata kidogo, jambo ambalo halijaonekana katika ajira wala katika maduka, kwenye faida limeshaonekana. Na wenye makampuni, wakiona hivyo, ndipo wanapoahirisha mtambo mpya na kusimamisha ajira, kwa hiyo kushuka kwa faida kunatangaza matatizo na pia kunayaleta. Wesley Mitchell alilieleza hili mwaka 1913 katika kitabu chake juu ya mizunguko ya biashara, na waliofuata nyayo zake, kama Geoffrey Moore, wakaiweka faida ya makampuni katika orodha za viashiria tangulizi.

La pili halisemwi mara nyingi, na ndilo lililonifanya nikubali mwaliko wenu. Salio hubeba makosa ya kila mtu. Rudini kwenye kampuni yetu. Ukikosea gharama kwa shilingi moja tu kati ya 90, kosa hilo ni dogo, asilimia moja na kidogo. Lakini likihamia kwenye faida linakuwa asilimia 10. Sasa fikirieni nchi nzima, ambako mishahara hukadiriwa, uchakavu hukadiriwa, thamani ya bidhaa zilizoko maghalani hukadiriwa. Kila kosa la makadirio linateremka hadi chini kabisa na kujificha ndani ya faida. Kipimo chepesi kuliko vyote kuhisi hatari ndicho hicho hicho kilicho rahisi kuliko vyote kudanganya. Anayewaambia juu ya sifa ya kwanza bila ya pili amewapa nusu ya habari.

Na makadirio ni mengi. Msingi wa takwimu hizi ni ritani za kodi, lakini ritani huchukua miaka miwili hivi kukusanywa na kuchambuliwa. Tarakimu ya kwanza hutoka yapata miezi miwili baada ya robo mwaka kwisha. Katika pengo hilo watakwimu hutumia uchunguzi wa kila robo mwaka na taarifa ambazo makampuni yaliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huzichapisha yenyewe. Huongeza kadirio la mapato yanayofichwa mamlaka ya kodi. Huondoa faida itokanayo na kuuza mali iliyopanda bei, kama kiwanja au hisa, kwa sababu hapo hakuna kilichozalishwa. Kisha hufanya masahihisho mawili ambayo laiti baba yangu angeyajua.

La kwanza ni la bei ya mzigo. Bidhaa iliyouzwa huhesabiwa kwa bei ya kuirudishia ghalani leo, na ile bei ya zamani ya kuinunulia huwekwa kando. La pili ni la uchakavu: sheria ya kodi inaweza kuruhusu kampuni ikate bei yote ya mtambo mwaka ule ule wa kuununua, kama sheria ya Marekani ya 2017 ilivyoruhusu, lakini mtambo wenyewe utafanya kazi miaka kumi. Watakwimu huuacha uchakavu wa kisheria na kuweka ule wa kweli.

Oneni thamani ya sahihisho la kwanza katika mwaka 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nne, na kila bidhaa ikapanda nayo. Marekani ilikuwa imeingia kwenye mdororo tangu Novemba 1973. Lakini faida zilizoandikwa vitabuni na makampuni, kabla ya kodi, zilikuwa zikipanda! Viwanda vilikuwa vikiuza bidhaa zilizotengenezwa kwa gharama za zamani kwa bei mpya, sawasawa na majora ya baba. Ukiondoa ongezeko hilo la bei ya mzigo, faida ya mwaka 1974 ilikuwa chini ya ile ya 1973. Ofisi ya takwimu ilikuwa na tarakimu zote mbili, ile ya kitabuni na ile iliyosahihishwa, katika jedwali moja. Msomaji aliyeishia mstari wa juu aliona neema. Aliyeshuka mistari michache aliona njaa inakuja.

Nawaomba sasa tukae kwa muda mrefu kidogo na miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Ni kisa ninachokifundisha kila mwaka, na bado sijakimaliza.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, makampuni ya Marekani, hasa ya kompyuta na mawasiliano, yalianza kuwalipa watu wao kwa njia ambayo haikugusa sanduku la fedha. Mhandisi alipewa mshahara wa kawaida pamoja na haki ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyopangwa siku ya kuajiriwa. Hisa ikipanda kutoka dola 10 hadi 90, yeye ananunua kwa 10, anauza kwa 90, na tofauti ni yake. Kwa mhandisi ule ulikuwa mshahara, tena mnono. Kwa kampuni, kanuni za uhasibu za wakati ule ziliruhusu gharama hiyo isionekane popote katika hesabu ya faida na hasara. Bodi ya kanuni za uhasibu ilijaribu kulazimisha iandikwe. Wakuu wa makampuni wakaenda Washington, na Mei 1994 Seneti ikapiga kura 88 kwa 9 kuipinga bodi hiyo. Bodi ikarudi nyuma.

Tazameni yaliyofuata. Kampuni ikawa na madaftari mawili. Katika taarifa kwa wanahisa, haki zile hazikuwa gharama, na faida ikawa kubwa. Katika ritani ya kodi, sheria iliruhusu zikatwe kama mshahara siku mhandisi alipozitumia, na faida ikawa ndogo. Makampuni hayakuvunja sheria yoyote kwa kufanya hivyo. Ofisi ya takwimu, wakati wa kutoa tarakimu za haraka, ilikuwa na daftari la kwanza tu mezani. Daftari la pili lilifika miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo mwaka 1998, 1999 na 2000, Wamarekani walisoma kwamba faida za taifa zinapanda, na soko la hisa likapanda juu ya tumaini hilo, na kwa kuwa hisa zilipanda, haki zile zikawa na thamani kubwa zaidi, na pengo kati ya madaftari mawili likapanuka. Mnaona duara lenyewe. Ritani zilipofika na watakwimu wakarudia hesabu, ikaonekana kwamba faida za makampuni ya taifa zilikuwa zimefikia kilele chao mwaka 1997 na baada ya hapo zilibaki chini ya kilele hicho. Miaka mitatu ya mwisho ya neema ile ilikuwa miaka ya faida iliyopungua kuliko ile ya 1997. Soko la hisa la NASDAQ lilifika kileleni tarehe 10 Machi 2000 na kufikia Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Mdororo ulianza Machi 2001. Kampuni ya Enron ilifilisika Desemba 2001, ile ya WorldCom Julai 2002, na hizo mbili zilikuwa zimekwenda mbali zaidi ya haki za hisa. WorldCom ilikuwa ikiandika gharama za kawaida za kukodi mitandao kana kwamba ni mali ya kudumu. Mwaka 2004 watafiti wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York walichapisha uchambuzi wa masahihisho hayo na kuonyesha jinsi makadirio ya mwanzo yalivyokuwa yameivimbisha faida. Mwaka huo huo, kanuni ya kuziandika haki za hisa kama gharama ikapita hatimaye.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: basi takwimu hii ina faida gani, ikiwa ukweli wake unafika baada ya msiba? Nilimjibu hivi. Dalili ilikuwepo wakati ule ule, kwa aliyeitafuta. Mishahara ya taifa, inayohesabiwa kutokana na michango ya bima ya kukosa kazi, ilikuwa ikipanda haraka sana, kwa sababu fedha za haki za hisa zilipotumiwa zilihesabiwa humo. Mtu akiona mishahara inaongezeka kwa kasi kuliko mazao ya kazi, na papo hapo anaambiwa faida nayo inaongezeka, ajue kuna mahali fedha zimehesabiwa mara mbili. Salio haliwezi kukua ikiwa wote walio mbele ya foleni wanachukua zaidi ya kilichoongezeka. Kwa hiyo faida isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na mishahara, kama vile daftari la duka linavyosomwa pamoja na stoo.

Mara iliyofuata dalili ilikuja kwa sura nyingine. Kwa hesabu zilizosahihishwa, faida za makampuni zilifika kileleni katika robo ya tatu ya 2006. Mdororo ulianza Desemba 2007. Soko la hisa lenyewe lilisubiri hadi Oktoba 2007 ndipo likageuka. Mwaka mzima na zaidi wa onyo. Lakini kwangu mimi onyo kubwa zaidi lilikuwa katika mgawanyo wa jumla ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekta ya fedha pekee, yaani benki, bima na wenzao, ilikuwa ikichukua hadi takriban asilimia 40 ya faida zote zinazopatikana ndani ya nchi. Viwanda, reli, maduka, mashamba ya makampuni, hospitali za biashara, vyote kwa pamoja vilikuwa vikigawana kilichobaki. Benki hupata faida kwa riba ya mikopo. Faida ya aina hiyo inapokua kuliko faida ya wanaokopeshwa, lazima mtu aulize riba hiyo italipwa na nini.

Hapa pana shimo jingine la kuangaliwa. Katika hesabu za taifa, hasara ya mkopo usiolipwa haikatwi kwenye faida ya benki, kwa hoja kwamba hasara hiyo haikutokana na uzalishaji wa mwaka huo. Ni hoja nzuri ya kitaaluma. Lakini ndiyo sababu, katika robo ya mwisho ya 2008, makampuni 500 ya faharasa ya S&P yaliripoti hasara kwa jumla yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kampuni ya bima ya AIG peke yake ikipoteza zaidi ya dola bilioni 61, na bado hesabu ya taifa ilionyesha faida iliyopungua lakini ipo. Tarakimu zote mbili zilikuwa za kweli. Moja ilihesabu kazi iliyofanyika, nyingine ikahesabu mali iliyoungua.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 faida za Marekani zilishuka, bei ya mafuta ikiwa imeporomoka na makampuni ya visima yakiwa hoi, na mdororo haukuja. Aliyetazama jumla tu alikimbia bure. Aliyetazama sekta aliona kwamba ugonjwa ulikuwa wa wachimba mafuta, wakati familia zilikuwa zikifurahia petroli ya bei rahisi.

Kisha likaja janga la korona la 2020, na kwangu mimi huo ulikuwa mtihani wa nadharia nzima. Katika robo ya pili ya mwaka ule nchi ilifungwa na faida zikaanguka. Mwaka uliofuata zilikuwa kubwa kuliko zilivyowahi kuwa. Ilikuwaje? Jibu liliandikwa na Mpolandi aitwaye Michał Kalecki, mzaliwa wa Łódź, katika insha ya mwaka 1933, na lilitoka kwenye hesabu tupu. Kampuni moja inaweza kuongeza faida kwa kupunguza wafanyakazi. Makampuni yote yakifanya hivyo siku moja, wateja wanatoweka, kwa sababu mshahara wa mmoja ndio mauzo ya mwingine. Kwa nchi nzima, faida hutokana na yale matumizi ambayo hayakutoka kwenye mishahara: uwekezaji, matumizi ya matajiri wenyewe, ziada ya biashara ya nje, na pia nakisi ya serikali, yaani kile ambacho serikali inatumia zaidi ya kodi inazokusanya; halafu toa kile ambacho wafanyakazi wanajiwekea akiba.

Tarehe 27 Machi 2020 Marekani ilipitisha sheria ya misaada ya takriban dola trilioni 2.2. Fedha zikaenda kwa familia, familia zikanunua, fedha zikaishia kwenye makampuni. Mikopo ya kulinda ajira iliyotolewa kwa wafanyabiashara, ambayo ilifikia dola bilioni 800 hivi na mingi ikasamehewa, iliandikwa na watakwimu kuwa ruzuku, na ruzuku huingia moja kwa moja kwenye faida. Kwa hiyo ile rekodi ya 2021 ilikuwa, kwa sehemu kubwa, deni la serikali limevaa nguo ya makampuni. Silaumu misaada ile. Iliokoa watu wengi. Ninachokataa ni mkuu wa kampuni kusimama jukwaani akasema rekodi ile ni werevu wake.

Hata benki kuu imo ndani ya daftari hili. Faida ya Benki ya Hifadhi ya Shirikisho huhesabiwa pamoja na za makampuni. Mwaka 2023, kwa kuwa ilikuwa ikilipa riba kubwa kwa benki kuliko ilivyopokea kwenye hati fungani zake, ilipata hasara ya dola bilioni 114. Hasara hiyo imekatwa kwenye faida ya taifa, na asiyejua anadhani mabenki ya mitaani yamedhoofika.

Daftari la taifa linaweza pia kujaa faida za wengine, kama la Ayalandi; hapo nitapita haraka, ingawa nchi hiyo inastahili mhadhara wake. Julai 2016 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilitangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia 26 katika mwaka 2015. Hakuna kiwanda kilichoongezwa kwa kiwango hicho. Makampuni machache ya kigeni yalikuwa yamehamishia huko hataza na haki za ubunifu wao, na faida za dunia nzima zikafuata makaratasi. Nchi ikalazimika kutunga kipimo kingine cha pato lake, kinachoondoa faida za wageni hao, ili serikali ijue Waayalandi wenyewe wana nini.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya na Tanzania hazina jedwali la faida za makampuni la kila robo mwaka. Tulichonacho katika hesabu za pato la taifa, na Wakenya hukiona kila mwaka katika Ripoti ya Uchumi ya ofisi yao ya takwimu, ni malipo ya wafanyakazi upande mmoja na upande wa pili fungu moja linalochanganya ziada ya makampuni na kipato cha watu wanaojiajiri. Katika fungu hilo moja mna kampuni ya simu, kiwanda cha saruji, mama ntilie, fundi seremala na mkulima wa mahindi. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ziko katika jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Mama ntilie akipata shilingi 500 jioni, ni mshahara wake au ni faida yake? Yeye mwenyewe hatofautishi, na mtakwimu hana haki ya kumtofautishia kwa kubahatisha. Kwa hiyo anayechukua fungu lile na kusema wenye mitaji wa Kenya wanachukua sehemu kubwa ya pato la taifa kuliko wa Ulaya, amempandisha mama ntilie cheo kwa nguvu.

Tunachosoma badala yake ni kurasa za magazeti, zile zenye safu nyembamba za hesabu ambazo benki hulazimika kuzichapisha kila robo mwaka. Nimekuta watu wazima, wasomi, wakipima uchumi wa nchi kwa kurasa zile: benki zimepata, basi nchi imepata. Mwaka 2024 ulitupa mfano mchungu. Benki kubwa za Kenya zilitangaza faida nono, huku mikopo chechefu ikizidi asilimia 16 ya mikopo yote. Serikali ilikuwa ikikopa kwa riba ya juu, na benki yenye akili hupeleka fedha pale panapolipa bila jasho. Muuza vipuri aliyekuwa akiomba mkopo alikuta mlango umefungwa au riba imempita kimo. Ilikuwa ile ile habari ya asilimia 40 niliyowasimulia, ila kwa sura yetu: faida ya mkopeshaji inakua pale ambapo faida ya mkopaji inakufa. Ukijumlisha zote mbili jumla inaweza isitikisike hata kidogo.

Soko la hisa la Nairobi lina kitu kimoja ambacho nakiheshimu: kampuni iliyoorodheshwa inayoona kwamba faida yake ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi lazima itoe onyo hadharani kabla hesabu hazijatoka. Kwa nchi isiyo na takwimu za faida za robo mwaka, kuhesabu maonyo hayo na kuyapanga kwa sekta ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya kwa daftari na kalamu, na nawaomba muifanye. Lakini kampuni zilizoorodheshwa ni sitini na kitu tu, na nyingi ya zile zinazoajiri watu hazimo.

Habari za kampuni zilizobaki ziko mahali pengine. Katika Tanzania na Kenya kampuni hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne kwa mwaka, na kabla ya kulipa nyingi hukadiria faida zao. Hii ina maana kwamba mara kadhaa kila mwaka maelfu ya wenye biashara, kutoka Kariakoo hadi Kisumu, hukaa na wahasibu wao na kuandika wanachotegemea kupata, kisha wanakirekebisha wakiona mambo yamegeuka. Kuznets asingeota kuwa na kitu kama hicho mwaka 1932. Makadirio hayo yana uongo ndani yake, najua, kwa sababu kila mmoja hukadiria chini. Lakini mtu anayedanganya kwa kiasi kile kile kila mwaka bado anakuonyesha njia anapobadilika. Makusanyo ya kodi ya makampuni hutangazwa, na hayo hayatoshi, kwa kuwa kodi hupanda kwa ukali wa mkusanyaji kama inavyopanda kwa ustawi wa biashara. Ninachoomba ni jumla ya makadirio yenyewe, bila jina la kampuni hata moja, yakiwa yamepangwa kwa sekta na mkoa: wafanyabiashara wa jumla wa Mwanza wanategemea nini kulinganisha na miezi mitatu iliyopita, usafirishaji wa Mombasa je, viwanda vya mafuta ya kula vya Singida je. Pembeni ya jedwali hilo kuwe na bei za jumla za robo mwaka ile ile, ili yule kijana anayemwandikia baba yake daftari ajue ni kiasi gani cha faida anayoiandika ni khanga, na kiasi gani ni bei ya khanga.